Siku Pikipiki Ilipokuwa Kiziwi

Kila Jumamosi asubuhi Abigaëlle alifagia ua wa nyumba yao katika mtaa wa Hewa Bora, kuanzia mlango wa jikoni mpaka getini, halafu akasukuma nje maji ya mvua ya usiku. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kilichoirefusha ni maswali. Alikuwa mtoto wa kusimama na ufagio mkononi akimtazama chungu mmoja, akijiuliza kwa nini anapita njia ileile ya jana. Mama yake, Mama Wivine, alizoea kusema kwamba binti huyu alizaliwa na ugonjwa wa kuuliza, na kwamba dawa yake haiuzwi katika famasi yoyote ya Lubumbashi.

Jumamosi hiyo ua uliamka mapema. Alfajiri lori lilileta magunia ya samaki wakavu kutoka Kasenga, na baba yake, Papa Kambale, aliyapanga mwenyewe ndani ya depo, ghala lake la pembeni ya ua. Hakutaka kusaidiwa. Zamani alikuwa akiuza maharagwe ya Kivu kwa jumla, maana kwao ni Butembo, na huko aliwajua wakulima na madereva kwa majina. Lakini mwaka huo wa 2025 ulianza vibaya. Mwezi wa kwanza mji wa Goma ulitekwa, barabara zikakatika, benki za huko zikafungwa, na maharagwe hayakuja tena. Papa Kambale akageukia samaki wa mto Luapula. Hakuijua biashara hiyo vizuri, na mtu mzima anayejifunza kazi mpya mbele ya watoto wake huwa na hasira za karibu.

Siku hizo alishinda deponi kutwa nzima. Hata kitufe cha kengele alikibandua getini, akakibandika kwenye ukuta wa depo kando ya meza yake, ili aweze kuita chai bila kupaza sauti. Kengele yenyewe, ndege mdogo wa plastiki, ilichomekwa kwenye umeme sebuleni, na ililia kama ndege kila alipobonyeza. Mama Wivine hakuipenda kengele hiyo hata kidogo.

Vita vile vilimleta pia Yaya Émerance. "Yaya" ndivyo watoto wa Lubumbashi wanavyomwita dada au kaka mkubwa. Émerance alikuwa msichana wa miaka ishirini, binti wa marehemu mdogo wake Papa Kambale. Kule Goma alikuwa na pikipiki yake mwenyewe, na aliwabebea mizigo wafanyabiashara wa sokoni. Alipokimbia aliifungia ndani ya nyumba, akatoka na begi moja na ufunguo. Alizunguka kupitia nchi za jirani mpaka akaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, miguu imevimba. Sasa alilala chumba kimoja na Abigaëlle, na kabla ya kulala kila mmoja alikicheka Kiswahili cha mwenzake.

Papa Kambale alimpa pikipiki ya duka kwa majaribio. Awapelekee wateja samaki. Mwezi ukiisha salama, kazi ni yake. Mambo yakienda kombo, pikipiki atapewa Osée, kijana wa mtaa wa nyuma, naye Émerance ataenda kukaa kwa ndugu wengine huko Likasi. Abigaëlle aliomba kila usiku mwezi ule uishe salama.

Jumamosi hiyo alikuwa bado anafagia aliposikia king'ora kikipasua ua. Wiiu! Wiiu! Wiiu! Émerance alikuwa ameinama juu ya pikipiki, karibu na ukuta wa depo, akibonyeza kidude cheusi kilichoning'inia kwenye ufunguo. Kidude hicho huitwa telekomandi. Ukibonyeza kitufe chake, pikipiki hujibu "tii-tii" na kukubali kuwashwa. Ukizungusha ufunguo bila kuiomba ruhusa kwanza, inapiga kelele kama mtu anayeibiwa, na injini haiwaki ng'o.

Papa Kambale alitoka deponi, mikono imejaa magamba ya samaki. King'ora kilijichokea chenyewe, kikanyamaza.

"Iko nini?" aliuliza.

"Baba mukubwa, moto inakatala," Émerance alijibu. Katika Lubumbashi pikipiki huitwa moto, na hakuna anayekimbilia ndoo ya maji akisikia hivyo. "Minafinya telekomandi, haisikii."

"Jana magaribi ilisikia?"

"Ilisikia muzuri."

"Na telekomandi, usiku ilikuwa kwa nani?"

"Kwangu, Baba mukubwa."

"Basi uliiloanisha. Ao uliionyesha muntu. Bezi ba siku hizi banakopi bile bintu." Alisema bezi na bintu, kama watu wa Lubumbashi wanavyowaita wezi na vitu, akakung'uta magamba mikononi. "Mama wa Kasapa anangojea samaki ya kupikia batoto ba université. Nitamwambia nini? Mushikwa na ngozi njo mwizi, mwana yangu. Telekomandi ilikuwa mu mukono yako."

Macho ya Émerance yalijaa maji, akayageuzia ukutani. Abigaëlle aliona, na moyo ukamuuma. Lakini pamoja na maumivu hayo, ule ugonjwa wake wa zamani ulikuwa umeshaanza.

"Papa, kile kintu kinaita moto ginsi gani, na hakina na waya?"

"Abigaëlle, fagia."

Abigaëlle alifagia, lakini alifagia akielekea kwenye pikipiki. Baba yake aliporudi ndani kumpigia simu yule mteja, alichuchumaa karibu na Émerance.

"Yaya, unielezee."

Émerance alipangusa uso. "Ni sawa na kuita muntu ngambo ya barabara. Hii telekomandi njo mudomo. Ndani ya moto, chini ya kiti, kuko sikio. Mudomo inaita, sikio inasikia."

Abigaëlle alifikiri. "Basi kama nakuita na hausikii, iko bintu bitatu. Ao mudomo yangu iko mugonjwa. Ao sikio yako. Ao... Ao kuko fujo katikati, sawa mu kalasi yetu wakati Mwape na benzake banaanza makelele."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, Émerance alitabasamu. "Sawa. Tuanze na mudomo."

Taa ndogo nyekundu ya telekomandi ilikuwa inawaka walipobonyeza, lakini labda betri yake ilikuwa imechoka. Émerance aliingiza mkono mfukoni, akatoa telekomandi nyingine, ya kijivu, iliyokwaruzika pembeni. Abigaëlle aliijua. Ilikuwa ya pikipiki ile iliyobaki Goma. Kila usiku Yaya Émerance aliiweka chini ya mto wake wa kulalia, na hakumruhusu mtu kuigusa.

"Pile yake ni mupya," Émerance alisema. "Niliibadilisha mbele ya Noeli."

Aliifungua taratibu kwa ncha ya kisu, akatoa betri, akaiweka ndani ya telekomandi ya duka. Abigaëlle alijua kwamba kitendo kile si kidogo, akakaa kimya, jambo lililokuwa nadra. Wakabonyeza. Taa iliwaka kwa nguvu zaidi. Pikipiki haikusema neno.

"Si pile," Abigaëlle alisema. "Lakini labda mudomo yenyewe imevunjika ndani. Papa iko na ingine mu kabati!"

Alikimbia deponi kuomba telekomandi ya akiba. Papa Kambale aliifungia kabatini tangu siku Émerance alipopewa kazi, na hakueleza kwa nini, ingawa kila mtu alielewa. Alikuja nayo mwenyewe, akaibonyeza mwenyewe kwa kidole chake kinene. Kimya. Akabonyeza tena, mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayewasha televisheni kwa hasira. Kimya.

"Papa, hii ilikuwa mu kabati siku zote," Abigaëlle alisema. "Yaya hakuigusa ata siku moja. Midomo mbili haiwezi kufa siku moja."

"Basi ni moto yenyewe njo ameharibisha," Papa Kambale alisema. "Tuisukume kwa fundi."

Hapo ndipo Hewa Bora ilipopata sinema ya bure. Pikipiki iliyofungwa kwa telekomandi haipendi kusogezwa. Émerance aliisukuma, nayo ikaanza kupiga mayowe tangu getini. Wiiu! Wiiu! Vichwa vilichomoza madirishani. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mwizi wa moto!" na vijana wawili wakainuka kwenye benchi. Papa Kambale ilibidi akimbie mbele, mikono juu, magamba bado yanang'aa kwenye shati lake.

"Ni yangu! Ni moto yangu mimi mwenyewe!"

"Leo Papa Kambale anaiba moto yake!" jirani mmoja alicheka, na mtaa mzima ukacheka naye.

Walipofika kwenye kibanda cha Chanda, mama muuza kadi za simu kwenye kona, masikio ya wote yalikuwa yamechoka. "Muizimishe hiyo kintu, muko munanifukuzia bateja!" Chanda alipiga kelele. Émerance akabonyeza telekomandi, si kwa matumaini, bali kwa aibu tu.

Tii-tii.

Ukimya ulioingia ulikuwa mtamu kama maji baridi. Émerance alizungusha ufunguo, na injini ikawaka mara moja.

"Imepona!" Papa Kambale alisema. "Haya, rudi nayo mbio, tupakie samaki."

Émerance alirudi akiiendesha. Aliingia uani, akasimama palepale penye ukuta wa depo, akazima injini ili wafunge gunia. Pikipiki ile ilikuwa na desturi ya kujifunga yenyewe muda mfupi baada ya kuzimwa. Gunia lilipokaa sawa, alibonyeza. Kimya. Akabonyeza mpaka kidole kikawa cheupe. Kimya.

Papa Kambale alimtazama, na safari hii hakupaza sauti, jambo lililokuwa baya zaidi.

"Kwa Chanda inasikia. Mbele yangu inakatala. Émerance, kama kazi ya samaki inakunukia, ungesema tu. Haina lazima ya kunichezea." Alinyoosha kiganja. "Unipe ufunguo. Kesho kutwa, lundi, nitamwita Osée."

Émerance aliweka ufunguo kwenye kiganja kile. "Baba mukubwa, mimi sikufanya kitu," alisema kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Abigaëlle alisikia begi likivutwa kutoka chini ya kitanda.

Alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Alikuwa na hasira na baba yake, na aliogopa. Lakini kichwa chake kilikataa kulia kabla ya kumaliza hesabu yake. Mdomo ni mzima, maana kwa Chanda uliita. Sikio ni zima, maana kwa Chanda lilisikia. Limebaki la tatu. Fujo katikati. Lakini fujo gani? Ua ulikuwa kimya, hata jogoo alikuwa amelala.

Mama Wivine alitoka na beseni la nguo, akiguna. "Leo bintu byote bya hii nyumba biko na wazimu. Asubuhi kengele, sasa moto."

Abigaëlle aliinua kichwa. "Kengele ilifanya nini, Mama?"

"Ililia, ililia, ililia! Kulikuwa bado giza. Nikasema ni ndugu bengine banatoka Goma, nikakimbia kufungua geti. Hakuna muntu. Nikarudi, iko inalia tu. Nikaitosha mu courant ya umeme, nikaitupa juu ya kabati. Baba yako anaipenda, aioe."

"Ilikuwa saa Papa anapanga samaki?"

"Ndiyo, saa ile ile. Ju ya nini unauliza?"

Abigaëlle alirudi kwenye hesabu yake. Kengele haina waya. Kitufe chake kinaita, nayo inasikia. Telekomandi haina waya. Inaita, na pikipiki inasikia. Itakuwaje kama mmoja anaita bila kuvuta pumzi, na wote wawili wanasemea hewa ileile? Mwape akipiga kelele nyuma ya darasa, mwalimu hasikii hata mwenye jibu sahihi.

Aliingia sebuleni, akapanda kiti, akaishusha kengele kutoka juu ya kabati. Kwa bahati umeme ulikuwepo. Alipoichomeka tu ukutani, ndege yule wa plastiki alianza kulia, akalia na kulia, bila mtu yeyote kubonyeza popote.

"Yaya Émerance!" alipiga kelele. "Acha ile begi! Kuya!"

Walikimbia pamoja mpaka deponi. Papa Kambale alikuwa mezani, ufunguo mbele yake, akijifanya anasoma karatasi. Kando ya meza, mahali pa kitufe cha kengele, hapakuonekana kitufe. Palionekana magunia ya samaki wa Kasenga, yamepandana mpaka juu, yamebanwa ukutani kwa ustadi wa mtu anayetaka kuonyesha kwamba biashara mpya anaiweza.

"Papa, kitufe cha kengele iko wapi?"

"Iko pale kwenye..." Papa Kambale aligeuka, akakutana na magunia.

"Nani alipanga haya magunia?"

Jibu lilikuwa linajulikana. Papa Kambale alisimama, akakumbatia gunia la katikati, akalivuta kwake. Nyuma yake, kile kitufe kidogo cheupe kilichomoza kutoka ukutani, kimejaa unga wa samaki. Sebuleni ndege akakata wimbo wake.

"Yaya, jaribu!"

Émerance alichukua ufunguo mezani, akatoka mlangoni, akabonyeza.

Tii-tii.

Abigaëlle aliruka juu kwa furaha. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuridhika mara moja, alibonyeza kitufe cha kengele kwa kidole chake, akakishikilia. "Finya tena, Yaya!" Kimya. Akakiachia. "Finya!" Tii-tii. Akarudia, na angeendelea mpaka jioni kama mama yake asingemshika mkono. Mama Wivine alikuwa anacheka mpaka machozi, akijifuta uso kwa nguo mbichi za kufua.

Papa Kambale hakucheka. Alibaki ameshikilia gunia lake kifuani kama mtu aliyeshika mtoto mchanga asijue ampe nani. Hatimaye alilitua chini.

"Émerance, kuya hapa, mwana yangu."

Émerance alisogea.

"Unisamehe. Nilikukosea, na nilikukosea mbele ya batu. Nilisema mushikwa na ngozi njo mwizi. Kumbe aliyeshika kitufe tangu asubuhi ni mimi, na gunia yangu ya samaki."

"Iliisha, Baba mukubwa."

"Haiyaisha. Nataka na huyu mutoto asikie." Alimgeukia Abigaëlle. "Kintu kikiharibika, mimi nilianza kuuliza 'nani'. Weye ulianza kuuliza 'nini'. Muntu akianza na 'nani', anamupata mbio sana, na anamupata yule wa karibu, yule hana na mahali ya kuenda. Tangu vita ianze, ni vile banafanya mu hii inchi yote. Uliza kwanza 'nini'. Jaribu moja, jaribu ya pili. Kama 'nani' anakuya, anakuya ku mwisho, na pengine utakuta ni weye mwenyewe."

Kisha alifanya jambo ambalo Abigaëlle alilikumbuka kuliko maneno yale. Alichukua telekomandi ya akiba, ile ya kabatini, akamwekea Émerance mkononi juu ya ile nyingine.

"Zote mbili zikae kwako. Haina tena majaribio. Sasa enda, mama wa Kasapa atatulaani."

Émerance alienda Kasapa na gunia lake, na wanafunzi walikula samaki, ingawa walikula wakiwa wamechelewa. Kitufe cha kengele kilirudi getini siku hiyohiyo, kwa amri ya Mama Wivine, na tangu hapo Papa Kambale akitaka chai huja kuiomba jikoni kwa adabu.

Jioni Papa Kambale alileta betri mpya kutoka kwa Chanda. Émerance aliitoa ile ya Goma katika telekomandi ya duka, akaweka mpya mahali pake, kisha akairudisha ya Goma katika kidude chake cha kijivu. Akabonyeza. Taa nyekundu iliwaka.

Abigaëlle alikuwa ameketi karibu naye kitandani. "Yaya, hiyo inaita mpaka wapi?"

"Mpaka ngambo ya barabara tu. Umeona."

"Haifike Goma?"

"Haifike ata Kasapa."

"Basi ju ya nini unaiwekea pile?"

Émerance aliiweka telekomandi chini ya mto, akalaza kichwa juu yake.

"Sababu siku moja," alisema, "nitafika karibu."